Fomu iliyomsahau shangazi mara nne

Usiku wa tatu baada ya maji ya mafuriko kuingia, nilikaa sakafuni kwenye ukumbi wa shule, ubavuni mwa shangazi yangu, tumeinamia simu yake. Kioo chake kina ufa unaotoka kona ya juu na kuishia katikati, na vidole vyake vilikuwa na unyevu kwa sababu kila kitu mle ndani kilikuwa na unyevu. Chaji ilikuwa asilimia 31. Jenereta liliwashwa kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, na foleni ya kuchaji simu ilikuwa ndefu kuliko ya maji ya kunywa. Ile asilimia 31 ndiyo tuliyokuwa nayo hadi kesho yake.

Tulikuwa tunajaza fomu ya kuomba msaada. Kiungo kilikuwa kimesambazwa kwa ujumbe mfupi mchana wa siku hiyo, na watu ukumbini walikuwa wameshaanza kuulizana, "Wewe umeshaingia?" "Imekukubali?" Shangazi aliningoja mimi. Anajua kazi yangu ni hiyo: huu ni mwaka wa kumi na moja natengeneza fomu za mtandaoni, za benki, za bima, za vyuo. Akasema, "Kaa hapa mwanangu, wewe hizi unazijua."

Tukaanza. Jina la kwanza, la kati, la ukoo. Namba ya kitambulisho. Namba ya simu. Anwani ya nyumba ambayo saa ile maji yalikuwa yamefika usawa wa madirisha. Alitaka kuandika mwenyewe, herufi moja moja kwa kidole cha shahada, nami sikumharakisha. Tulipofika ukurasa wa tatu fomu ikasema: piga picha ya kitambulisho chako. Akagusa kitufe, kamera ikafunguka, akapiga, akagusa alama ya kukubali. Kamera ikajifunga, kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) kikarudi, na ukurasa ukaanza kujifungua upya wenyewe. Ulipotulia tukaona ni ukurasa wa kwanza. Jina la kwanza: patupu. La ukoo: patupu.

Aliutazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Imenisahau."

Ilimsahau mara nne usiku ule.

Nieleze kilichotokea, maana wengi hudhani ni mtandao, au hudhani wamekosea wao. Simu ya shangazi ina RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hukaa, ya gigabaiti 2. Kamera ni programu nzito. Inapofunguka, simu hutafuta nafasi, na cha kwanza kuondolewa ni kile ambacho hakiko mbele ya macho wakati huo, yaani kivinjari chenye fomu. Ukurasa unazimwa kimyakimya. Ukirudi, kivinjari kinauita upya kutoka mwanzo, na kama aliyeitengeneza fomu hakuhifadhi kitu njiani, hakuna cha kurudisha. Mtandao haukukatika. Shangazi hakugusa pasipostahili. Simu yenyewe ilifanya inavyotakiwa kufanya ikibanwa nafasi.

Kwenye simu yangu, yenye RAM mara nne ya hiyo, mambo haya hayatokei. Nina hakika waliotengeneza fomu ile waliijaribu ikapita, kwenye simu kama yangu. Nasema hivyo kwa kuwa nami nimefanya hivyohivyo miaka yote: simu nzuri, mezani, chaji imejaa, mtandao wa ofisini. Nikiwa pale sakafuni nilianza kukumbuka moja moja fomu zangu zinazoomba picha, nikijiuliza ni ipi inayohifadhi majibu kabla ya kufungua kamera. Nilifika ya sita bila kuipata hata moja. Zile za vyuo ndizo zilizoniuma zaidi, kwa sababu nazijua simu za wanafunzi.

Mara ya tano tulipita. Tulipiga picha kwanza, kabla hata ya kufungua fomu, tukafunga kila programu iliyokuwa wazi, ndipo tukaingia kwenye fomu na kuichagua ile picha kutoka mahali ilipohifadhiwa. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 12. Nilipoinua kichwa nikakuta watu wa familia mbili za jirani wamesogea, wanasubiri niwaonyeshe na wao. Ujanja ule haukuandikwa popote kwenye fomu.

Tangu siku hiyo kwenye kila kikao cha kazi nina neno moja ninaloanza nalo: fomu ya msaada ikumbuke. Nembo na rangi tutazungumza baadaye. Mtu aliyepoteza nyumba asije akaambiwa na mashine aanze upya.

Na kukumbuka hakuhitaji fedha nyingi wala wataalamu wengi. Kila mtu anapomaliza kisanduku kimoja na kuhamia kingine, kivinjari kinaweza kuliandika jibu lile kwenye hifadhi yake, ndani ya simu, papo hapo, hata kama intaneti haipo. Uwezo huo umo kwenye vivinjari vya simu kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Ukurasa ukizimwa na kurudi, unasoma yale yaliyoandikwa na kuyaweka tena mahali pake. Kisha mtandao ukipatikana, majibu yaende pia kwenye seva, ile kompyuta inayopokea maombi, na mwombaji apewe namba fupi ya kuendelea. Simu ikimzimikia kabisa, kesho ataendelea kwenye simu ya mwanawe. Au atamsomea namba ile mtu wa dawati la msaada, naye aendelee pale alipoishia, bila kumuuliza tena jina la ukoo.

Kuna jambo la kuangalia hapo, na nalichukulia kwa uzito. Kwenye kambi simu moja hutumiwa na familia tatu. Majibu yakibaki ndani ya simu, anayefuata anaweza kuona namba ya kitambulisho ya aliyetangulia, na anwani yake, na namba ya akaunti yake. Kwa hiyo fomu iseme waziwazi kwamba inahifadhi, ifute yote mara tu maombi yakishatumwa, na kila skrini iwe na kitufe kinachosomeka: "Futa majibu yangu kwenye simu hii."

Kuna na suala la muda. Mzee mmoja karibu na mlango alikuwa amefika mbali kwenye fomu, akainuka kumtafuta mkewe aliyekuwa na karatasi yenye namba ya akaunti. Ukumbi umejaa, watu wamelala chini, kupita kunahitaji subira. Aliporudi fomu ikamwambia muda wako umekwisha, ingia upya. Ilikuwa dakika 15. Najua muda wa namna hiyo huwekwa kwa ajili ya usalama, na usalama nauheshimu. Lakini WCAG, mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, kuhusu tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, umelieleza hili kwa miaka mingi: mtu aonywe kabla muda haujaisha, na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, mfano kugusa mara moja. Ngazi ya juu ya mwongozo huohuo inadai zaidi, kwamba mtu akitolewa na kujitambulisha tena aendelee bila kupoteza alichoandika. Kwa fomu ya maafa, mimi naanzia kwenye ngazi hiyo ya juu. Toleo la 2.2, lililotoka Oktoba 2023, likaongeza kwamba usimuulize mtu mara ya pili jambo alilokwisha kukujibu ndani ya shughuli ileile. Fomu ya shangazi iliuliza namba ya simu mara tatu, na mara ya tatu alinigeukia kuhakikisha kwamba hakukosea zile mbili za kwanza.

Picha zenyewe zinastahili maneno yake. Kamera ya simu ya kawaida hutoa picha ya megabaiti tatu au nne. Fomu ilitaka picha tatu za uharibifu, tuseme megabaiti 12. Kwenye eneo la maafa, ambapo mnara mmoja unabeba watu wa minara mitano, mwendo wa intaneti unaweza kushuka hadi kilobiti 100 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ni dakika 16 za kuishika simu hewani na kuomba mtandao usikatike, na ukikatika dakika ya 15 unarudi mwanzo. Sasa chukua picha hizohizo, zipunguzwe ndani ya simu kabla ya kutumwa, upana uwe pikseli 1600. Kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 300 hivi. Safari ya dakika 16 imekuwa sekunde 72. Mkaguzi bado anaiona alama ya maji ukutani na anaona godoro lililovimba. Kazi hiyo ya kupunguza kivinjari kinaifanya chenyewe, mwombaji hana haja hata ya kujua kwamba imefanyika.

Zitumwe moja moja pia, kila moja ikionyesha kwamba imefika, ili ya tatu ikikwama mbili za kwanza zisirudie safari. Na juu ya hayo yote, mtu aruhusiwe kutuma maombi bila picha na kuziongeza baadaye. Hili ndilo ningelitaka kuliko jingine lolote usiku ule: maombi yaingie yakiwa na tarehe yake, picha zifuate umeme ukirudi. Pale foleni ya msaada inapohesabiwa kwa tarehe ya kuomba, kamera ya simu haipaswi kumrudisha mtu nyuma kwenye foleni hiyo.

Dada mmoja mwenye iPhone yeye alikataliwa picha zote. "Aina ya faili hairuhusiwi." Tangu mfumo wa Apple wa mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo uitwao HEIC, na fomu ilitaka JPEG, muundo wa picha uliozoeleka zaidi. Angejuaje? Alichokuwa nacho ni picha ya kitanda chake ndani ya matope, na ilikuwa inaonekana vizuri tu kwenye simu yake. Kubadilisha muundo wa picha ni kazi ya seva, na seva ina umeme.

Kuhusu vidole nitasema kwa ufupi. Kisanduku cha namba kifungue kibodi ya namba. Vitufe viwe vikubwa na viachane, kwa sababu kioo chenye matone ya maji huyasoma matone kana kwamba ni vidole; kwa vipimo vya skrini Apple wanashauri pointi 44, Android 48, na kwa fomu hizi mimi huzidisha hapo. Maandishi ndani ya visanduku yasiwe madogo, maana kivinjari cha iPhone kikikutana na herufi zilizo chini ya pikseli 16 hukivuta kisanduku karibu, na nusu ya ukurasa inatoka nje ya skrini. Na tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa namba, siku, mwezi, mwaka, basi. Fomu ile ilileta kalenda ya mwezi wa sasa yenye mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Mtu aliyezaliwa 1957 angeugusa mshale huo zaidi ya mara 800. Ilikuwepo njia ya kugusa mwaka ulioandikwa juu na kuchagua, ila hakuna kilichoonyesha kwamba unagusika. Mama aliyekaa nyuma yetu alikuwa ameshafika 1998, mguso kwa mguso, tulipomwona.

Kilichomkwamisha shangazi zaidi ya vitufe ni maneno. "Idadi ya wanakaya." Akaniuliza, "Wanakaya ndio nani, niliokuwa nao kabla ya maji au ninaolala nao hapa?" Lilikuwa swali la haki kabisa, kwa sababu alikuwa ameshachukua watoto wawili wa jirani ambaye hajaonekana. Fomu haikuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Ingemuuliza hivi, "Siku moja kabla ya mafuriko, watu wangapi walikuwa wanalala nyumbani kwako, pamoja na wewe?" asingesita hata kidogo. Na ingemuuliza tena, "Sasa hivi unawatunza watu wangapi?" ingepata habari ambayo mtoaji msaada anaihitaji kwelikweli. Kulikuwa pia na "makazi ya msingi", "hasara isiyofidiwa", "mnufaika". Watu waliosoma walikuwa wanaulizana maana, kila mmoja akihofia kwamba akijibu vibaya ataonekana mwongo. Skrini ya simu haina pembeni pa kuelezea neno gumu, kwa hiyo neno gumu litafutiwe jepesi kabla fomu haijatoka.

Watu wanaponiambia haya ni mambo ya ufundi mdogomdogo, huwakumbusha mwaka 2005. Kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani mwishoni mwa Agosti, na FEMA, shirika la serikali yao linaloshughulikia maafa, lilikuwa na fomu ya kujiandikisha mtandaoni. Fomu hiyo ilitaka kivinjari kimoja tu, Internet Explorer 6. Mwenye kompyuta ya Mac hakuwa na toleo hilo, na aliyetumia kivinjari kingine alikwama vilevile, ikabidi wapige simu ambazo tayari zilikuwa zimeelemewa. Leo hakuna anayejenga fomu ya namna hiyo. Lakini ukiangalia vizuri, sharti bado lipo. Zamani lilikuwa kivinjari fulani. Siku hizi ni simu yenye RAM ya kutosha, chaji ya kutosha na bando la kutosha, ila halijaandikwa mlangoni.

Tena kuna siku ambazo intaneti haipo kabisa. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico mnamo Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizimika. Hata fomu bora kuliko zote haimfai mtu mpaka mnara wa kwanza usimame, na mnara huo ukisimama kinachopenya mapema ni ujumbe mfupi. Ni mdogo, herufi 160, na usipofika mara moja mtandao wenyewe hujaribu tena kuufikisha bila mtu kukaa ameshika simu.

Haiti walilionyesha hili. Baada ya tetemeko la 12 Januari 2010, watu waliweza kutuma ujumbe mfupi bure kwenda namba 4636, wakieleza walipo na wanachohitaji. Waliandika kwa Krioli, lugha yao ya nyumbani. Wahaiti wa kujitolea waliokuwa nje ya nchi wakazitafsiri jumbe zile, zikawekwa kwenye ramani. Ramani hiyo iliendeshwa kwa programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ikabeba jina la lugha yetu mpaka ng'ambo ya bahari. Huwa nawasimulia vijana wanaoanza kazi nami. Mtu chini ya kifusi hakuulizwa aina ya faili. Aliandika kwa lugha anayoiwaza, na kazi ya kuelewa ikabebwa na waliokuwa na umeme.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Togo. Aprili 2020, korona ilipofunga shughuli, serikali ilianzisha mpango wa fedha uitwao Novissi, neno la Kiewe lenye maana ya mshikamano. Mtu alipiga *855# kwenye simu yoyote, hata kitochi, akajibu maswali machache, taarifa za kitambulisho chake cha mpiga kura zikahakikiwa, na pesa ikaingia kwenye simu yake. Hakuhitaji bando wala neno la siri. Njia hiyo nayo ina udhaifu wake, maana ukichelewa kujibu inakatika, ila maswali yakiwa machache unamaliza kabla haijakatika. Uchache huo wa maswali ndio ninaouona kuwa somo hata kwa sisi wa tovuti. Fomu ya shangazi ilikuwa na maswali 46. Nilikaa nayo baadaye nikiwa nimetulia, nikayatenga yale ambayo mtu angehitaji kuyajibu usiku wa tatu ili apate mahali pa kulala na kitu cha kuanzia. Nilibaki na tisa.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaotaka kuanza na programu ya kupakua. Ni makumi ya megabaiti kabla mtu hajaandika hata jina lake, kwenye simu ambayo imejaa picha na haina nafasi. Programu ni nzuri kabla ya maafa, kwa tahadhari na maelekezo. Siku ya maafa watu wapewe ukurasa mwepesi, wenye anwani fupi inayoweza kutangazwa redioni ikaeleweka, na inayofanana kila mahali inapotajwa. Anwani ndefu yenye herufi za ovyoovyo inawasaidia matapeli tu, ambao hutengeneza kurasa za uongo za msaada maafa yakitokea. Ukumbini kwetu vilikuwa vinazunguka viungo viwili, na hakuna aliyeweza kutuambia kipi ni cha kweli kwa kukitazama tu.

Halafu ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Aliyepoteza simu majini amepoteza na laini. Mtu akiandika namba mpya, mfumo unamtilia shaka, unataka athibitishe kwa namba ya zamani ambayo imelala chini ya matope. Lazima iwepo njia ya pili ya kumtambua, na njia hiyo iwe na mtu ndani yake: afisa aliyepo kambini anayeweza kumtazama usoni, kuangalia alichonacho, na kumpitisha. Kwa wenye laini, kivinjari kiruhusiwe kuichukua namba ile na kuijaza chenyewe, ili mtu asitoke kwenye fomu kwenda kwenye jumbe. Kila anapotoka, anahatarisha kusahauliwa tena.

Baada ya kutuma, skrini ilimwambia shangazi "Asante." Neno hilo moja, kisha ukurasa wa mwanzo. Akaniuliza, "Imefika?" Nikamwambia nadhani imefika. Hakupata namba wala ujumbe. Asubuhi aliniuliza tena, na jioni, na kesho yake alijaza fomu upya kwa msaada wa kijana mwingine ili awe na uhakika. Maombi mawili ya mtu mmoja yakagongana, na maombi yake yakasimama wiki mbili yakisubiri mtu ayaangalie. Namlaumu nani? Yeye alifanya ambalo mtu yeyote angefanya akinyimwa jibu. Ujumbe mfupi mmoja ungetosha: "Maombi yako yamepokelewa. Namba yako ni 4827 3165. Utajibiwa kabla ya Ijumaa. Usitume tena." Namba iwe tarakimu tupu, imegawanywa nne nne, isomeke kwa sauti kwenye simu yenye kelele, isiwe na sifuri inayofanana na herufi O.

Jibu lake lilipokuja lilikuwa barua ya kurasa sita iliyotengenezwa kwa kuchapishwa kwenye karatasi kubwa. Kwenye simu ilibidi aivute kwa vidole viwili na kuisukuma kulia na kushoto kwa kila mstari. Neno alilolitafuta lilikuwa ukurasa wa nne: maombi hayajakataliwa, kinachohitajika ni uthibitisho kwamba nyumba ni yake. Alikuwa ameshasoma ukurasa wa kwanza, akaona "hayajaidhinishwa", akaweka simu chini. Siku nne hakuniambia. Maneno yale ya ukurasa wa nne yalitakiwa kuwa ya kwanza kabisa, ndani ya ujumbe wenyewe, yakiwa na sehemu ya kugusa ili atume uthibitisho palepale.

Msaada ulipatikana mwishowe, na sasa anaishi kwenye vyumba viwili vilivyokauka wakati vingine vinatengenezwa. Nilimtafutia simu nyingine. Ile yenye ufa nilimwomba, nikaiweka kwenye meza yangu ya kazi, na sheria niliyojiwekea ni kwamba hakuna fomu inayotoka mikononi mwangu bila kujazwa mwanzo hadi mwisho kwenye simu hiyo: chaji chini ya asilimia 20, mtandao umepunguzwa mwendo, kidole kimelowekwa maji. Katikati ya kujaza naizima ghafla. Kisha naiwasha na kuangalia kama bado inajua jina.

Wenzangu watatu wameanza kufanya hivyo na mimi, na kwa sasa tunatengeneza fomu ya maafa ambayo tutaitoa bure kwa yeyote atakayeihitaji. Ina maswali tisa ya mwanzo. Inahifadhi, inapunguza picha, inatuma moja moja, inatoa namba. Jana usiku niliijaribu kwa kamera. Mara kumi niliifungua, mara tisa ilirudi na kila kitu mahali pake. Mara ya saba ilirudi na majibu yote yakiwepo lakini picha haikuwepo. Bado sijajua kwa nini, na leo nikimaliza kuandika hapa narudi kuitafuta hiyo moja.